Shajara ya mradi: machipuko ya Reading, kwenye TV na nje ya TV

Februari, mwishoni

Haya, mradi umeanza, sanduku la kutagia ndege limeshatundikwa. Liko ukutani nyuma ya nyumba, juu mita mbili na kitu, linaangalia kaskazini mashariki ili jua kali na mvua ya upepo visipige mlangoni, na tundu lake ni milimita 25 tu maana nataka wale ndege wadogo kabisa, ukitoboa 28 anaingia kaka yao mkubwa na ukifika 32 shomoro wanahamia na ukoo mzima. Ndani kwenye dari nimefunga kamera ndogo inayoona gizani, kebo inapita dirisha la jikoni, mke wangu ameshauliza itatoka lini nikamwambia Julai inshallah, akaniangalia tu.

Kwa ambao hamjui nahangaikia nini: hapa Uingereza kila mwaka mwisho wa Mei BBC Two wanarusha Springwatch, kipindi cha laivu cha wanyama na ndege wa majira ya kuchipua, kamera zimefichwa kwenye viota na mashimo, watangazaji wamekaa porini na makoti yao ya mvua wanaeleza nani katotoa na nani kaliwa. Kilianza 2005 kwenye shamba moja kule Devon, kwa hiyo mwaka huu 2025 kinatimiza miaka 20. Mi nilikijulia kazini. Nafanya kea homu, nyumba ya kutunzia wazee, hapa Reading, shifti za jioni na za usiku, na ikifika saa mbili usiku wazee wangu hawataki taarifa ya habari wala mpira, wanataka ndege wao. Miaka yote nimekuwa nakiangalia kwa jicho moja huku nagawa chai. Mwaka huu nataka nitangulie mimi, nifuatilie machipuko yenyewe kuanzia mwanzo kabla TV haijafika, afu nilinganishe. Na klipu za sandukuni zitakwenda sehemu mbili, kwenye TV ya sebule ya kazini (meneja kakubali, kwa masharti yake) na kwenye grupu la familia Tanga kwa Kiswahili, ambako mkaguzi mkuu ni Mama.

Machi, mwezi wa Ramadhani

Sandukuni bado kimya. Kuna mmoja anakuja kuchungulia, anaingiza kichwa, anagongagonga ukingo wa tundu kama anayekagua kazi ya fundi, anaondoka. Ni blue tit, kifua cha njano, kofia ya bluu, mstari mweusi umekatiza kwenye jicho, mzima mzima ana gramu 11 hivi.

Ila Ramadhani imenipa kitu ambacho hakikuwa kwenye plani kabisa, nacho ni daku. Nimekaa jikoni na chai na kiporo, dirisha wazi kidogo, nje giza totoro, na kuna mtu anaimba. Wa kwanza siku zote ni robini, yule wa kifua chekundu, huyu hana usiku, akiwa na taa ya barabarani karibu anaimba tu akidhani kumekucha. Anafuata ndege mweusi wa mdomo wa rangi ya chungwa, blackbird wanamwita, anapanda juu kabisa kwenye chimni, sauti nzito ya taratibu, hana haraka na mtu. Kukipambazuka ndo anaingia huyo kaka mkubwa wa tundu la 28, great tit, wimbo wake ticha-ticha-ticha-ticha, mwanangu anasema huyo hajafanya homuweki. Na kuanzia katikati ya mwezi kaongezeka chifchafu, huyu huwatangulia wasafiri wenzake karibu wote kurudi kutoka kusini, na akifika kutwa nzima anataja jina lake mwenyewe.

Nimepakua Merlin, apu ya bure ya chuo kikuu cha Cornell kule Marekani, unashika simu juu inasikiliza na inakuandikia nani anaimba. Inasaidia sana lakini usiiamini kama msahafu. Juzi imeniandikia mwewe, natazama juu mbingu tupu, kumbe ni kwezi kwenye antena ya jirani, na kwezi kwa kuiga hana mfano, anamwiga mwewe, anaiga honi, anaiga mluzi wa postimeni.

Kazini yuko bibi mmoja ambaye macho yake yameondoka karibu yote. Nikamchezea rekodi ya daku kwenye simu wakati wa chai ya saa kumi jioni. Akainua kidole kimoja. Robini. Akasubiri. Blackbird. Akasubiri tena, akasema na huko nyuma yao kuna renni, mbona huyo humtaji? Nikarudisha nyuma, nikaweka sikio, kweli yupo, kindege cha gramu tisa au kumi kina sauti ya kufoka utadhani kinadai deni. Mi nilikuwa sijamsikia kabisa na rekodi nimeifanya mwenyewe. Bibi akaniambia Springwatch yeye huwa anaisikiliza tu, na kinachomuudhi ni watangazaji kuongea juu ya ndege akiwa anaimba, wangojee amalize. Basi nimepata ticha na mimi.

30 Machi

Idi imetuangukia siku ileile saa za nchi nzima zimesogezwa mbele lisaa limoja, kwa hiyo nusu ya wanaume wa mtaa wamefika kwenye swala wanakimbia na kanzu wamezishika mkononi. Baadaye tumekwenda Christchurch Meadows pembeni ya mto Thames na pilau kwenye mikebe, na juu yetu wanazunguka mwewe.

Mwewe wa hapa ni wekundu, mkia panda, wakubwa, na historia yao nzito kidogo. Ilipofika mwisho wa karne ya 19 walikuwa wameshamalizwa kwa bunduki na sumu, wakabaki wachache Wales. Kati ya 1989 na 1994 wakaletwa 90 kutoka Hispania wakaachiwa kwenye vilima vya Chilterns, hapo juu yetu tu, na leo ukitoka stesheni ya Reading ukainua kichwa humkosi. Nikampigia Mama video, shikamoo, marahaba mwanangu, Idi mubaraka, nikageuza simu juu.

"Huyo si mwewe huyo? Funikeni pilau!"

Nikamwambia Mama huku kuna watu wazima na akili zao wanawatupia nyama bustanini makusudi ili washuke. Kimya. "Mwewe? Anatupiwa nyama?" Dada anasema amewasimulia majirani wote mpaka muuza mkaa.

Aprili, katikati

Sasa kumechangamka. Kiota kimejengwa chote na jike peke yake, dume yeye kazi yake kuimba nje na kufukuza watu, nimeambiwa na wanawake wa grupu nisiseme zaidi. Mwanangu kampa jina Bi Kofia. Kwanza kajaza zile nyasi laini za kijani zinazoota kwenye mapaa mabichi, tani na tani, sanduku likajaa nusu, afu akaanza kufinyanga. Hii nimeiangalia mpaka nikachelewa kazini: anakaa katikati, anafungua mbawa kidogo, anasukuma kifua mbele huku miguu inapiga nyuma harakaharaka, anajigeuza robo, anasukuma tena, anajigeuza, na akitoka kuna kikombe cha duara ambacho fundi na kompasi hakitoi. Kisha ndani akatandika nywele, nyingi za mbwa wa jirani, na kuna uzi mwekundu ambao nashuku ni wa mswala wangu ulioanikwa kwenye kamba.

Mama katuma voisi kwamba mbayuwayu waliokuwa wamejipanga kwenye nyaya za umeme pale njiani wameondoka wote, "nadhani wanakuja kwako, wasalimie." Na kweli wiki hiyohiyo nimewaona wa kwanza kwenye shamba moja pembeni ya mto Kennet. Ilibidi nimweleze Mama ukweli ingawa hakuupenda: wa kwake siyo wa kwangu. Mbayuwayu wa Uingereza wanakwenda kukaa Afrika Kusini, wanapita Ufaransa, Hispania, Moroko, wanakata Sahara, wanashuka na misitu ya Kongo, karibu kilomita 10,000 kwenda tu. Ilijulikana kwa pete: mwaka 1911 kuna mtu wa Staffordshire alimfunga mbayuwayu pete mguuni, Desemba 1912 akaokotwa Natal, Afrika Kusini, mpaka hapo watu walikuwa wanabishana tu. Hao wanaokaa pwani kwetu wengi ni wa Urusi na pande zile za mashariki. Mama akasema sawa, wa Urusi nao wasalimiwe.

Hao wa Kennet walikuwa na shida yao. Mvua hakuna, Aprili nzima jua, matope yamekauka, na mbayuwayu bila matope hajengi. Pale shambani kuna beseni kubwa la bati la kunyweshea ng'ombe, linavuja kwenye pembe, na hicho kidimbwi cha ukubwa wa sinia ndo ulikuwa udongo laini pekee wa mahali hapo. Wamejaa. Anatua, mbawa ameziinua juu zisichafuke, miguu mifupi imezama, anadaka kidonge cha tope kwa mdomo pamoja na jani la nyasi, huyo. Kiota kimoja kinakula vidonge kama hivyo mamia na mamia. Ng'ombe akija kunywa wanapisha, akiondoka wanarudi, na kwato zake zinawakandia udongo. Nimesimama pale kwenye geti mpaka mwenye shamba kaja kuuliza kama nimepotea.

Aprili, mwishoni

Mayai tisa. Anataga moja kila siku asubuhi na mapema, afu anayafunika na manyoya anakwenda zake, halali juu yake mpaka yakaribie kutimia, ndo anaanza kuatamia yote kwa pamoja ili watoke karibu siku moja. Mama: "Ana akili kuliko kuku wangu."

Nilikuwa na wazo la kupeleka kamera ya pili mtoni, kuna mdiria anatoboa shimo kwenye ukingo wa Kennet na mi nimeshaona kwenye TV kiota cha mdiria kwa ndani, nikasema hapa nimepata. Bahati nikasoma kwanza. Mdiria yuko kwenye Jedwali la 1 la sheria ya wanyamapori ya 1981, kumsumbua kiotani bila leseni ni kosa la jinai. Wale wa TV wana vibali, wana wataalamu. Kwa hiyo mdiria nimebaki nae wa kawaida, mstari wa bluu unapita juu ya maji na umeshapotea kabla sijasema "ona pale".

Mei, mwanzo

Teleka wamefika! Nimetoka shifti asubuhi nasubiri basi, nasikia ule ukelele wao mwembamba juu ya mapaa, natazama juu ni mbawa za mundu zinakatakata. Hawa wanatokea Kongo, wengine husogea mpaka pande za Msumbiji, na mtu akikwambia wanalala hewani usimcheke, watafiti wa chuo kikuu cha Lund kule Uswidi walionyesha mwaka 2016 kwamba wapo wanaokaa angani miezi kumi bila kutua. Wanarudi hapa kutaga tu, Agosti mwanzo hawapo.

Na sandukuni wameanguliwa wanane. Yai moja limebaki.

Kazini ndo kumekuwa na mambo. Nimeunganisha kamera na TV ya sebule, masharti ya meneja ni saa za chai tu na isizimwe tamthilia ya mtu. Nilidhani watachoka. Maana ukweli wa kiota ni kwamba hakuna kinachotokea, unaangalia mgongo wa ndege. Anaamka, anawapanga watoto, anakaa, anasinzia. Springwatch wao wana kamera kibao zinakwenda mchana na usiku, na kinachofika kwako jioni ni dakika mbili tatu tamu za kiota hiki, dakika mbili za kile, na muziki. Mi nilikuwa najua hivyo lakini sikujua inamaanisha nini mpaka nilipowaona wazee na mgongo wa Bi Kofia. Hawaondoki. Mmoja anasinzia, mwenzie anamwamsha "kahama kidogo", wanabishana kama dume atakuja na kiwavi wa kijani au wa kahawia, mzee mmoja ambaye huwa haongei kabisa kasema "there she is" kila anaporudi, wiki nzima, kwa sauti ileile. Ile sehemu wanayoikata TV ndo hii, na kumbe ndo inayokaliwa na watu.

Makinda wa namna hii kila mmoja anaweza kula mpaka viwavi 100 kwa siku. Zidisha kwa nane. Baba na mama wanapokezana mlangoni toka alfajiri mpaka jua linazama, na viwavi wanavyotegemea ni wale wa kwenye mialoni, ambao nao wana wiki zao chache tu, joto likiwahi viwavi wanawahi, ndege akichelewa kutaga anakuta wameshapita. Mama kaelewa hapohapo: "Ni kama kufika ferry saa nne, samaki wameshanunuliwa."

Sasa kuna huyu mdogo. Wa nane. Kila chakula kinapofika shingo saba ndefu zinanyanyuka, yake inafika kiunoni kwao. Bi Kofia hana upendeleo, anatia kwenye mdomo ulio juu na ulio wazi zaidi, basi. Nikatuma klipu. Nusu saa haikupita Mama kapiga.

"Mwanangu, huyo mdogo si anakufa njaa?"

"Inawezekana Mama."

"Na wewe uko wapi?"

"Nipo hapa, mita tatu."

"Mita tatu, na mikono unayo."

Nikamwambia sanduku halifunguliwi sasa hivi, ukilifungua wazazi wanaweza kukimbia wote nane wakafa, na hata hao wa BBC watangazaji wao husema wazi kwamba hawaingilii, kamera inaangalia tu. Akasema hao BBC siyo waliomzaa yeye wala mimi, weka hata kisosi cha maji basi, hamuoni jua hilo. Hapo kanishinda. Maji nimeweka, kisosi cha maua juu ya ukuta, na kwa ukame huu wamekuja kuoga mpaka ndege wa mtaa wa pili.

Mdogo amekufa usiku wa Jumatano. Asubuhi wenzie wamemkalia. Nilijiuliza niwaonyeshe wazee au nikate, nikasema sikati, sasa nitakuwa nafanya nini tofauti. Bibi mmoja kalia kidogo. Mzee aliyekuwa mkulima Berkshire kasema saba kati ya tisa ni mavuno mazuri, na mwaka huu ukame, kisha akaomba biskuti. Mama nae nimemwambia. "Inna lillahi," akasema, na kisha, "Maji umebadilisha leo?"

Mei, Otmoor

Tumekwenda Otmoor, kaskazini mashariki ya Oxford, hifadhi ya RSPB, shirika la kulinda ndege. Yalikuwa mashamba yaliyokaushwa, kuanzia 1997 wakairudishia ardhi maji yake, sasa ni nyasi, madimbwi na matete mpaka upeo. Dereva ni mwenzangu wa kazini, Mkongomani wa Lubumbashi, ambaye hakuwa na habari na ndege yoyote ila alitaka kulinyoosha gari lake jipya.

Kekeo tulimsikia kabla hatujafunga milango ya gari. Ile sauti mwanangu kacheka, anajua ni ya saa ya ukutani, hakujua kwamba kuna ndege nyuma yake. Kumsikia rahisi, kumuona ndo mtihani, tumezunguka matete yale yeye yuko mbele yetu siku zote kwa mti mmoja. Mwisho kapita hewani, kijivu, mbawa zimechongoka, mkia mrefu, na nyuma yake vindege viwili vinamkimbiza na matusi. Wana haki. Jike lao linavizia kiota cha watu humo kwenye matete, linashuka, linameza yai moja, linataga la kwake la kufanana, na kutaga kwenyewe ni kama sekunde kumi. Kinda likitoka, bado uchi na macho halijafungua, linawasukuma wenzie nje kwa mgongo.

BTO, shirika la hapa la kuchunguza ndege, walianza mwaka 2011 kuwafunga kekeo watano wa Norfolk vifaa vya setilaiti, na mmoja wakamwita Chris, jina la Chris Packham mtangazaji wa Springwatch. Huyo Chris alienda Kongo na kurudi mara kadhaa mpaka alipopotea 2015. Kekeo wa Uingereza wanakaa msitu wa Kongo miezi na miezi, hapa ni wiki chache tu za mapenzi na utapeli. Mwenzangu kusikia hivyo kavua miwani. "Kumbe huyu iko mutu ya kwetu!" Toka hapo ndo alikuwa mbele kwenye njia, kila kekeo akilia "uko wapi, ndugu".

Lakini cha siku ile kwangu ni ndege anayeitwa kozi. Kuna mzee wa Kiingereza alikuwa na teleskopu ya miguu mitatu, kamwona mwanangu anahangaika na darubini yangu ya bei poa, kamwita, kainamisha miguu ya teleskopu mpaka ikafika usawa wa mtoto. Wanakuwa wengi hapo Mei hao kozi wadogo, nao wanatoka Afrika, wanafuata kereng'ende. Anakuja chini juu ya nyasi, anageuka kidogo, ananyoosha mguu mmoja anamdaka, na hatui, anaukunja mguu mpaka mdomoni akiendelea kuruka, anakula kiwiliwili, mabawa anayaachia. Mtoto kaangalia kwenye teleskopu muda mrefu, mdomo wazi. "Baba, anatupa maganda!" Moja likaja likatua kwenye njia mbele yetu, wavu mwembamba kabisa, ameliweka kwenye kava la simu yangu.

26 Mei

Leo Springwatch wameanza, wako Longshaw, Peak District kule Derbyshire, watangazaji Packham na Michaela Strachan na Iolo Williams. Na sisi sanduku tupu. Wamewahi mno, joto lote hili, saba wameruka wikiendi hii hii asubuhi, mmoja baada ya mwingine, wa mwisho kakaa mlangoni na kichwa nje karibu saa nzima, baba yake anamwonyesha kiwavi kutoka kwenye kamba ya nguo na hampi. Kisha kaenda nae. Nilikuwa nimesimama jikoni na sufuria mkononi, ugali ukaungua, hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo jioni sebuleni wazee wangu wameangalia kipindi kama watu ambao wao walishamaliza mtihani. "Hao bado wana vipara, wetu wameshaondoka." Lazima niseme picha za wenzetu ni balaa, unamuona chawa kwenye unyoya. Kule karibu na Longshaw kuna korongo la Padley Gorge lenye mialoni ya zamani, ni maarufu kwa pied flycatcher, mweusi na mweupe, msafiri wa Afrika Magharibi, ambaye huku Reading sitampata hata nikeshe. Hilo TV imeshinda. Na inafundisha pa kuangalia, mi bila TV nisingejua kwamba ukiona mzungu kasimama kwenye geti anatazama tope kuna jambo. Lakini bibi yangu wa masikio saa hizi ndo mtangazaji, anawatangulia, "willow warbler", sekunde tano baadae Iolo anasema willow warbler, sebule nzima inapiga makofi.

Mama anauliza kama kwenye hicho kipindi hapajawahi kuwa na mtu wa kwetu. Yupo, nikamwambia, Gillian Burke, mzaliwa wa Kenya, aliingia 2017. Akasema basi waambie wamrudishe.

Juni

Met Office, idara ya hali ya hewa ya hapa, wametangaza machipuko haya ndo ya joto na ya jua kuliko yote kwenye rekodi za Uingereza. Kisosi sikumbuki mara ya mwisho kilikuwa kikavu, Mama anaulizia.

Habari kubwa ni kalunguyeye. Jirani, mama wa Kipolandi, tumekubaliana tukate shimo chini ya uzio wetu sentimita 13 kwa 13, kipimo wanachoshauri, wanapita kalunguyeye, mbwa wake hapiti. Kamera ya usiku ikakaa pale wiki, tumepata paka, paka, mbweha kanusa lenzi, paka. Afu saa tano usiku mpira wa miiba unapita shimoni kwa kujikamua, unasimama, unajikuna kwa mguu wa nyuma, unatafuna konokono kwa kelele ambayo mpaka maikrofoni imeinasa. Maziwa hawapewi, yanawaharisha, maji tu na chakula kikavu cha paka. Klipu hii imepita zote Tanga, binamu zangu wote walikuwa wanadhani kalunguyeye ni wa Handeni tu.

Kekeo wa Otmoor hasikiki tena. Wakubwa wao wakishataga hawana cha kusubiri, Juni wanafunga safari, watoto watalelewa na wenyewe wenye viota na wataijua njia ya Kongo peke yao. Nilimwambia mwenzangu wa Lubumbashi, akasema atampigia shangazi yake amwangalie.

Julai

Kebo imetoka dirishani, ahadi ni ahadi. Sanduku bado liko ukutani na yai moja ndani, lile ambalo halikuanguliwa. Mama kila wiki, mbona hamlitoi? Siruhusiwi. Hapa England mayai yaliyobaki kwenye sanduku kisheria yanatolewa kuanzia Septemba mpaka Januari tu, na ukiyatoa unayaharibu, huweki kabatini kama kumbukumbu. Septemba ndo nitatoa kiota kizima, nitamwagia maji yanayochemka kuua viroboto maana humo sasa hivi wamejaa, nitaanika, nitarudisha. Ule uzi mwekundu nitauangalia vizuri.

Mwakani nataka teleka. Jioni hizi wanashuka mpaka usawa wa dirisha la juu, kundi zima na kelele zake, wanatafuta upenyo kwenye mapaa na nyumba hizi mpya hazina upenyo. Sanduku lao nimeshaagiza, tundu la mlalo, milimita 65 kwa 28, linatakiwa juu mita tano na lisiwe na mti mbele, wanapenda kujitupa moja kwa moja. Mwenye ngazi ya kufika huko mtaani ni mmoja tu, na yuko Uturuki mpaka mwisho wa Agosti.